Uzi: Maisha ya vitu vichache Nairobi, na swali la nani anayekutunzia ghala

Mpangaji_SouthB (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, naomba tujadili kwa utulivu mtindo wa kuishi kwa vitu vichache, ambao wengine huuita uminimalisti, na ambao umepata wafuasi wengi mjini humu, hasa miongoni mwa vijana walioajiriwa wanaoishi peke yao. Sura yake tunaijua: ukuta mweupe, kitanda cha chini, meza moja, mmea mmoja dirishani na nguo za rangi mbili tatu katika kabati lisilo na mlango. Anayeishi hivyo husifiwa kwamba ameishinda tamaa. Mtaa wa pili kuna familia nzima katika chumba cha futi 10 kwa 10, yenye vitu vichache kuliko vya kijana huyo ukivigawa kwa idadi ya watu, na sijasikia mtu akiipongeza.

Maelezo tunayopewa kila mara ni kwamba mmoja amechagua na mwingine amelazimika. Siyakatai, ila naona yanaishia njiani. Mimi nasema hakuna mtu anayeishi bila akiba, na kwamba kinachotutofautisha ni mahali akiba hiyo ilipo na nani anayeilinda. Kijana wa ukuta mweupe hana mashine ya kufulia kwa kuwa mama fua huja kila Jumamosi. Hana sufuria kubwa kwa kuwa wageni wake hula chakula cha kuagizwa. Hana nyundo wala bisibisi kwa kuwa fundi yuko umbali wa simu moja. Ghala lake ni mji wenyewe, na ufunguo wake ni salio la M-Pesa. Mama wa chumba cha futi 10 kwa 10, kwa upande wake, huhifadhi ndoo ya rangi iliyokwisha, chupa za plastiki, mbao mbili nyuma ya mlango na sweta lililombana mtoto wa kwanza, kwa sababu hana hakika kwamba siku akivihitaji ataweza kuvinunua. Mgeni akiingia humo huona mrundiko, ilhali mwenyewe anajua kila kimoja kina kazi yake na zamu yake.

Kisha kuna ghala la tatu, ambalo nadhani ni letu hasa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii, na wastani wa watu 2.9 kwa kaya, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 3.9. Kaya zetu ni ndogo, na nyumba nyingi ni za kupanga. Je, makochi ya zamani yako wapi? Vitabu vya shule, kitanda cha watoto, televisheni yenye mgongo? Viko Murang'a, Siaya na Kitui, kwa wazazi. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka kesi ya mwaka 1987 kuhusu mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambaye mjane wake alitaka azikwe karibu na Nairobi walikoishi, na ukoo ukashinda akazikwa Nyalgunga, Siaya. Haki ya mjane katika kesi ile ni mjadala wa siku nyingine. Ninachokichukua kwayo ni fikra iliyotawala mahakamani: kwamba mjini mtu ana nyumba tu, na kwao kuko kwingine. Fikra hiyo bado inapanga samani zetu. Wengi tunaojisifu kwa nyumba nyeupe tuna mama mashambani ambaye chumba chake cha wageni hakiingiliki.

Ninawauliza basi: kwenu, kuishi kwa vitu vichache kuna maana gani, na ghala lenu liko wapi?

Mama_wa_Umoja

Asante kwa mada. Nitazungumza kama mtu mwenye vitu vingi na asiyeona haya.

Nyumba yangu ina kabati la vyombo vya wageni ambavyo watoto hawaruhusiwi kuvigusa, ina vitambaa vya makochi vya kufuma seti mbili, na ina godoro la ziada chini ya kitanda. Godoro hilo limelaliwa na binti wa shemeji aliyekuja kusoma chuo, na mpwa aliyekuja kutafuta kazi, na mama mkwe alipokuja hospitali. Mtu akiniambia nilitoe ili chumba kipumue, namuuliza watalala wapi hao. Kwa mtu aliyeolewa katika ukoo mkubwa, vitu vya ziada ni sehemu ya wajibu wake kwa watu. Nyumba isiyo na godoro la pili imeshatoa jibu kabla mgeni hajabisha hodi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo tulipunguza vitu, na hatukuanza kwa kutafuta utulivu wa moyo. Tulianza kwa hesabu. Zamani kila mwanamke katika chama chetu alikuwa na sufuria kubwa mbili au tatu za sherehe, ambazo hutumika mara chache kwa mwaka na kukaa juu ya kabati zikikusanya vumbi miezi mingine yote. Tukakubaliana chama kinunue sufuria kubwa, viti vya plastiki na tenti, vihifadhiwe kwa mwanachama mmoja mwenye nafasi, na kila mwenye shughuli avichukue, iwe ni matanga au mahari. Asiye mwanachama hukodi. Sasa makabati yetu ni mepesi, ila nisiwadanganye kwamba wepesi huo ulikuja bure. Kuna daftari la kutoa na kurudisha, kuna faini, na kuna kikao kizima kilichowahi kuliwa na mjadala wa sufuria iliyorudishwa ikiwa imeungua chini bila mtu kukiri. Anayetaka vitu vichache kwa njia ya ushirika ajiandae kwa mikutano mingi.

Mkazi_Pipeline

Mwanzisha uzi amegusa chumba chetu, nami nitaeleza kilivyo ndani.

Huku Pipeline majengo yamebanana kiasi kwamba mwanga wa jua ni anasa ya wanaokaa juu, na wanaokaa juu hupanda ngazi kwa miguu. Ngazi ndizo zinazoamua mtu awe na nini. Kabla ya kununua meza, mtu huiwazia ikiteremshwa siku ya kuhama, ikipakiwa kwenye mkokoteni mwisho wa mwezi pamoja na godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6 na sanduku la bati alilosomea nalo bwenini. Wengi wetu tulifundishwa maisha ya vitu vichache na sanduku lile, ambalo kila mali yako iliingia humo, ikafungwa kufuli na kukaguliwa na mwalimu. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaelimishwa kifalsafa.

Ila kuna ushauri mmoja wa watu wa vitu vichache unaonikera, nao ni ule wa kununua unachohitaji leo tu na kutoweka akiba ndani. Sisi hivyo ndivyo tunavyoishi, na ndivyo tunavyozidi kubanwa. Mafuta ya kupikia tunanunua ya kupima, sukari ya kupima, unga nusu kilo, sabuni kipande, dawa ya meno ya pakiti ndogo. Kila kimoja, ukikipigia hesabu kwa lita au kwa kilo, kina bei kubwa kuliko anayolipa mwenye gari akijaza kikapu dukani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kuhifadhi ndiye anayenunua kwa bei nafuu, na asiye na nafasi hulipa zaidi kwa kile kile. Rafu tupu ina gharama, na gharama hiyo inalipwa kila jioni pale kwenye duka la chini ya ngazi.

Tena vitu vyetu vichache si salama. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakumba jamaa zangu wa Mukuru, na baada ya maji yakaja matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa kando ya mto. Mtu aliyepoteza kitanda, jiko na vyeti vya shule kwa mkupuo mmoja hawezi kuelewa kwa nini mwingine hulipa mshauri amfundishe kutupa.

Muuzaji_Gikomba

Nimefurahi mjadala umefika kwenye kutupa, kwa sababu hapo ndipo biashara yangu inapoanzia.

Mtu wa Ulaya au Amerika Kaskazini anapopunguza kabati lake ili aishi kwa wepesi, uzito ule hauyeyuki. Hukusanywa, huchambuliwa, hubanwa kuwa robota, hupandishwa meli na kushushwa Mombasa. Mwaka 2019 Kenya iliingiza nguo za mitumba zipatazo tani 185,000. Sisi hulifungua robota alfajiri bila kujua kilichomo, jambo ambalo ni kamari kamili, na huchagua upesi: zile bora tunaziita kamera, na hizo huenda kwa wenye maduka na wanaouza mtandaoni, za kati hupangwa mezani, zinazobaki ni fagia, ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa. Baadhi hazifai hata kuwa fagia. Zikichanika tutazipangusia meza, na zilizobaki huingia kwenye gari la taka na kuelekea Dandora, jaa lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na ambalo bado linapokea mzigo hadi leo.

Msinielewe vibaya, sitaki mitumba ipigwe marufuku. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza nguo kwao bila ushuru chini ya AGOA, sheria yao ya biashara na Afrika, na Kenya ikarudi nyuma. Nilishukuru, kwa kuwa ndiyo inayosomesha wanangu. Nasema tu kwamba yule anayejiita mtu wa vitu vichache kwa sababu hutoa mifuko miwili ya nguo kila baada ya miezi mitatu, na kununua mingine miwili kuijaza nafasi, ni mteja wangu mzuri na msambazaji wangu mzuri kwa wakati mmoja, lakini vitu vichache hana. Vitu vimempitia tu.

Kuhusu ule usemi wa kununua kichache chenye ubora, mimi nauunga mkono kabisa, na ninauza koti la sufu litakalodumu kuliko jipya la dukani. Shida ni kwamba wanaolihitaji zaidi hufika na fedha za fagia.

Kijana_Kilimani

Mimi ndiye yule wa ukuta mweupe, kwa hiyo niruhusiwe kujitetea, na nitajitetea kwa ufupi.

Sikuanza kwa kuiga picha za watu. Nilianza kwa madeni. Nilikuwa na televisheni kubwa ya kulipia kidogo kidogo, simu ya kulipia kidogo kidogo, na mikopo ya simu ya kulipia vile viwili. Nilipouza nilichoweza kuuza na kulipa nilichodaiwa, nyumba ikabaki wazi, na nikagundua kwamba naipenda hivyo. Kwangu vitu vichache maana yake ni kwamba mwisho wa mwezi hakuna anayenipigia simu.

Nakubali kwamba ghala langu ni mji. Lakini kwani kumlipa mama fua ni dhambi? Ningenunua mashine, fedha ile ingeenda kwa kiwanda cha ng'ambo. Ninamlipa mtu wa Kawangware, ninampa chai, na nguo zinatakata. Ningependa mwanzisha uzi aeleze kosa liko wapi.

Mwana_wa_Marsabit

Nimesoma yote, na naona mnahesabu vitu vya ndani peke yake. Huko nilikozaliwa hesabu hiyo ingewapoteza.

Kwa Wagabra na Warendille, nyumba ni ya fito na mikeka, na wanawake huijenga na kuibomoa. Siku ya kuhama kufuata malisho, nyumba hupakiwa juu ya ngamia, pamoja na vyombo vya maziwa vilivyosukwa au kuchongwa, ngozi za kulalia na watoto wadogo. Kisichobebeka hakimilikiwi. Mgeni kutoka Nairobi akiingia atasema hawa ndio wenye vitu vichache hasa, na huenda akapiga picha. Hatajua kwamba mwenye nyumba ile ana ngamia ambao thamani yao ingenunua gari la huyo mpiga picha na masalio yakabaki.

Mifugo ndiyo ghala, na ghala lile halikai mahali pamoja. Mwenye ngamia wengi huwakopesha wengine ngamia wa maziwa, na kwa njia hiyo mali yake imetawanyika kwenye kambi nyingi, ili ukame au wezi wakilipiga kundi moja, jingine libaki. Anayekopa hupata maziwa, na anayekopesha hupata mtu atakayemkumbuka. Hata hivyo, ukame wa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mapema 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na kuna familia zilizopoteza kundi la nyumbani na la kukopesha pia. Baadhi yao sasa wamekaa pembezoni mwa miji wakiwa na nyumba zile zile za mikeka. Vitu vyao vya ndani havijapungua hata kimoja. Hao ndio wanaonifanya niamini kwamba mwanzisha uzi ameuliza swali linalofaa, maana ukitazama ndani ya nyumba ya tajiri wa jana na maskini wa leo huoni tofauti yoyote.

Mwalimu_Pumwani

Ndugu wa Marsabit amenikumbusha jambo ambalo tunalisomesha kila mwaka bila kulitazama kwa upande huu.

Katika Uislamu, zaka haihesabiwi kwa kitanda unacholalia, sahani unazolia wala nguo unazovaa. Hivyo havitozwi. Kinachohesabiwa ni kilichokaa: fedha, dhahabu, bidhaa za biashara, mifugo, mavuno, kila aina kwa kanuni zake. Kwa fedha, ikiwa imefikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, ambacho kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na ikapitiwa na mwaka mmoja wa hijria, hutolewa asilimia 2.5. Kwa maneno mengine, sheria inaipita sebule bila kuiangalia na kwenda moja kwa moja ghalani. Mtu mwenye chumba kitupu na akaunti nono hawezi kusimama mbele ya hesabu hiyo akasema ameishi kwa uchache.

Israfu, yaani ubadhirifu, ni mlango mwingine, nayo yaweza kufanywa hata na mwenye vitu vichache, kama yule anayebadilisha simu kila mwaka ilhali ya zamani inafanya kazi. Sitaongeza, maana hapa si darasani.

Mpangaji_SouthB (mwanzisha uzi)

Nawashukuru. Nijibu machache, maana mengine yamejibiwa vizuri kuliko ningeweza.

Kwa ndugu wa Kilimani: hakuna dhambi kumlipa mama fua, na kuhusu madeni uko sawa kabisa. Ninachopinga ni kuondolewa kwake kwenye picha. Tukihesabu vitu vyako tumhesabu pia mtu anayefanya kazi ambayo vitu hivyo vingeifanya, na tuulize kama malipo yake ya Jumamosi yanamwezesha naye kuacha kuhifadhi ndoo nyuma ya mlango. Ikiwa ndiyo, basi sina neno. Ikiwa sivyo, uchache wako umesimama juu ya wingi wake wa mahangaiko, na mkazi wa Pipeline ameshatuonyesha mahangaiko hayo yanavyolipiwa kwa kipimo cha mafuta.

Muuzaji wa Gikomba amenifanya nimfikirie Wangari Maathai. Alipozuru Japani mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, alivutiwa sana na dhana ya Kijapani ya mottainai, ile hisia ya kuona uchungu kitu chema kikipotea bure, akaibeba katika kampeni zake dhidi ya uchafuzi. Naona dhana hiyo inakaribiana na tabia ya mama wa futi 10 kwa 10 kuliko ya mimi na wenzangu wa ukuta mweupe. Sisi tunapenda kutoa vitu nje. Yeye hawezi kuona ndoo nzima ikienda Dandora. Tukitaka kupunguza kinachofika jaani, bila shaka ni yeye wa kuigwa, pamoja na mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaogeuza bati na mapipa makuukuu kuwa majiko na karai, na fundi viatu wa pale kituoni ambaye kwa soli mpya humpunguzia mtu jozi nzima ya kununua. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilituondolea uchafu mwingi barabarani, lakini haikutufundisha kutengeneza kilichovunjika, na hilo sidhani kama sheria inaweza kulifundisha.

Mama wa Umoja, kwako nina swali badala ya jibu. Mpango wenu wa sufuria na viti ndio pekee katika uzi huu ambapo ghala lina wenyewe wengi, linajulikana liko wapi, na halimwelemei mtu kimyakimya kama chumba cha wageni cha mama yangu. Ila umesema vifaa hukaa kwa mwanachama mmoja mwenye nafasi. Je, mnamlipa? Maana isije ikawa mmemfanya yeye ndiye mashambani kwenu.

Mama_wa_Umoja

Umeuliza penye kidonda.

Hatumlipi fedha. Tulikubaliana kwamba asitozwe faini za kuchelewa kikaoni na kwamba apewe nafasi ya kwanza kutumia vifaa shughuli zikigongana, na mwanzoni aliridhika. Sasa mwanawe mkubwa amerudi nyumbani baada ya chuo na anahitaji chumba kile, kwa hiyo ametuomba tuondoe tenti na angalau nusu ya viti. Nusu yetu wanasema tukodi stoo ndogo huku Umoja na kuichangia kila mwezi, jambo litakaloongeza michango ya chama. Nusu nyingine wanasema kila mmoja achukue viti kadhaa aende navyo kwake, yaani turudi juu ya makabati tulikotoka. Mimi niko upande wa stoo, na nimejitolea kuzungumza na mwenye jengo mmoja kuhusu nafasi iliyo chini ya ngazi zake. Mtu akijua mahali penye kodi ya afadhali, pasipovuja mvua na penye mlango wa chuma, naomba aniambie hapa kabla ya kikao kijacho.